Mwenyeji Atangulie

Jua lilikuwa linazama na Mama Misumari alikuwa na hasira. Hilo la pili halikuwa geni. Mtaa mzima ulimjua: fundi makochi, mwanamke wa mikono migumu, ambaye kutwa hufanya kazi na misumari midogo imejaa mdomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuigonga mbaoni. Watu walisema hata akiitema yote, maneno yake yanachoma vilevile. Jina likamganda.

Lakini jioni hiyo hasira ilikuwa na sababu. Mdogo wake alikuwa amemletea mbwa.

Si kwamba hawakuwa na mbwa. Walikuwa na Bawabu, dume jeusi lenye mvi mdomoni na nyonga zilizochoka. Baba yao macho yalikuwa yamekwisha kabisa, na macho yake sasa yalikuwa Bawabu. Asubuhi mbwa humtoa chumbani, mzee kaweka kiganja mgongoni kwake, wanakwenda pole pole mpaka barazani. Penye ngazi Bawabu husimama, na mzee naye hujua kunyanyua mguu. Na kulikuwa na jambo ambalo kila mtu katika nyumba ile alilijua na hakuna aliyethubutu kulitamka. Siku Bawabu akifa, mzee hatakawia kumfuata.

"Ndiyo maana nasema aletwe mwingine, kijana," mdogo wake alisema. "Ajifunze kwa mkubwa wake angali hai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, dada."

Huyo mdogo wake walimwita Dokta, ingawa hajawahi kutibu hata kuku. Alikuwa akijitolea kwenye kituo cha mbwa waliookotwa, anafagia mabanda, na tangu aanze huko humezi tonge mbele yake bila kupewa somo la mbwa. Na safari hii hakuomba ruhusa. Aliahidi kwanza huko kituoni, ndipo akaja kutoa taarifa nyumbani.

"Umeshaahidi?"

"Nimeshaahidi."

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Haya, mtu wa namna hiyo unamfanyaje? Mama Misumari alitema misumari kiganjani, akavaa viatu, akamchukua Bawabu, akatoka. Maana Dokta alikuwa ameshatoa maagizo na kutangulia kumchukua mgeni. Mbwa wawili hawakutanishwi mlangoni. Wanakutana mahali pasipo pa mmoja wao, wanatembezwa sambamba, mmoja huku na mwingine kule, mpaka wazoeane harufu. Kisha wanarudi nyumbani, na anayeingia kwanza ni mwenyeji.

"Mwenyeji atangulie," Dokta alimkumbusha kwenye simu. "Siku zote. Asije akaona amenyang'anywa kwake."

Walikutana kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya shule. Watoto walikuwa wameshaondoka na vumbi lao lilikuwa bado hewani. Dokta alisimama golini na jike la rangi ya majivu, mbavu zinahesabika, masikio yamelala. Huko kituoni walimwita Majivu. Shingoni alikuwa na kamba ya ngozi iliyosukwa, ndefu, nyeusi kwa jasho la mkono wa mtu.

"Hiyo kamba mbona kuukuu hivyo?"

"Ndiyo yake, amekuja nayo. Mbwa akihama aachiwe kitu anachokijua. Inampa moyo."

Wakaanza kutembea. Mama Misumari na Bawabu upande wa mstari, Dokta na Majivu katikati ya kiwanja. Majivu hakuvuta wala hakubweka. Alitembea hatua chache, akageuza shingo kutazama nyuma, akasubiri... kisha akaendelea. Kila mara hivyo, kama mtu anayeomba ruhusa.

Na Bawabu?

Bawabu hakumtazama Majivu hata mara moja.

Alikuwa anatazama nyuma ya Majivu, nyuma ya Dokta pia, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Na hakutazama chini wanakotazama mbwa. Alitazama juu, kwenye kimo cha uso wa mtu. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamesimama kuanzia shingoni hadi mkiani, na kooni mwake palikuwa na mngurumo mzito ambao Mama Misumari hakuwahi kuusikia miaka yote ile.

"Wivu huo," Dokta alisema. "Kawaida kabisa."

Upepo ukageuka. Ukaja na harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya wazee, ya mgongo na magoti.

"Umejipaka dawa ya kuchua wewe?"

"Mimi? Kijana kama mimi?"

"Kijana, na kulala kwako huko mpaka saa nne. Twende, giza linaingia."

Getini ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibikia mikononi mwa Mama Misumari mwenyewe. Alifungua, akasubiri Bawabu atangulie. Bawabu akakataa. Alijiweka kimshazari kwenye uwazi wa geti, tako huku kichwa kule, akaonyesha meno yote aliyobakiza. Akivutwa, haendi. Akisukumwa, anakaza. Mama Misumari alikuwa amegonga misumari tangu asubuhi, mabega yanawaka moto, na baba ndani hajala. Hasira zikampanda hadi utosini.

"Ebo! Mbwa gani huyu anaringa getini kama bi harusi? Dokta, pitisha hiyo takataka yako tuingie!"

"Dada, mwenyeji ndiye..."

"Nimesema pitisha!"

Alimbeba Bawabu kifuani kama gunia, akampisha Majivu. Mgeni akaingia. Kamba ikapita nyuma yake. Bawabu mikononi mwa bibi yake akatoa sauti moja nyembamba, ya mtoto aliyeumizwa.

Mzee alikuwa barazani kwenye kiti chake. Alikuwa mtu wa adabu za zamani, hajawahi kumwacha mtu amesimama mlangoni kwake. Alisikiliza nyayo, akatabasamu.

"Karibuni, karibuni. Na wewe mama, karibu. Usisimame hapo kwenye giza, ingia ndani."

Mama Misumari alidhani kuna jirani anayepita. Hakugeuka kutazama. Ningemwita mjinga, lakini nani angegeuka? Mzee haoni, mara nyingi husalimia hata upepo.

Maagizo ya Dokta yaliendelea. Mgeni aachiwe kamba shingoni humo humo ndani, iburute sakafuni, ili wakigombana aweze kukamatwa haraka bila kung'atwa mtu. Basi ikawa ni kamba hiyo kutwa kwenye sakafu... sss... sss... jikoni, sebuleni, mlangoni kwa mzee. Mama Misumari aliizoea kama unavyozoea bomba linalovuja. Alikuwa kwenye karakana yake uani, anasikia kwa mbali, hajali.

Alichojali ni Bawabu. Aliacha kula. Alilala kizingitini mwa chumba cha mzee, kichwa nje, haondoki hata akibanwa na haja mpaka abebwe. Majivu mwenyewe hakumgusa. Alimpita, akamnusa, hata akajilaza karibu naye. Lakini ikianza kuburuta ile kamba kuelekea chumbani, Bawabu alisimama kwenye zile nyonga zake mbovu na kuung'ata upepo. Kap! Kap! Meno yanagongana matupu.

"Anazeeka vibaya," Dokta akasema. "Dada, tukubaliane na hali. Kama hawezi kupokea mwenzake, kule kituoni wana sindano. Analala tu moja kwa moja, hasikii maumivu."

"Rudia."

"Nasema tu..."

"Rudia hilo neno nikuonyeshe sindano ya kushonea makochi inavyoingia."

Dokta akarudi nyuma hatua moja. Lakini jicho lake lilikuwa lile la mtu anayesubiri upe kisogo.

Na mzee alianza kubadilika. Kwanza ilikuwa furaha. Alikuwa anacheka peke yake sebuleni, anaongea chini chini, anajibu maswali. Mama Misumari alifikiri ni redio. Kisha miguu yake ikaanza kuwa mizito, wa kulia ukawa unaburuta. Asubuhi moja alipomsaidia kuvaa soksi, ile harufu ilimpiga puani. Dawa ya kuchua. Miguu ya mzee ilikuwa inang'aa kwa mafuta.

"Baba, nani amekupaka dawa?"

"Si yule mama."

"Mama yupi?"

"Yule mliyekuja naye na mbwa. Mtu mzuri sana, ila mikono yake baridi." Mzee akavuta soksi yake vizuri. "Ananichua kila jioni. Anasema miguu ikilainika tutaondoka pamoja. Naye amechoka kutembea peke yake."

Mwili ukamsisimka Mama Misumari, kisha palepale akakasirika kwa kusisimkwa. Akajiambia ni umri. Akajiambia Dokta amempaka babaye dawa na hana akili ya kusema. Alijiambia mengi siku ile, hakuna hata moja lililomtuliza, na alipopeleka kochi la mteja jioni alisahau kuchukua nyundo yake aliporudi. Mtu asiyewahi kusahau nyundo.

Alirudi kukiwa na ule mwanga wa mwisho, taa hazijawashwa na jua halipo. Kabla hajafika getini alimsikia Bawabu.

Hakubweka. Alikuwa analia.

Sauti ilitoka karakanani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, komeo limekazwa na waya juu yake. Aliufungua kwa kucha. Bawabu alianguka nje, makucha yanatoka damu, na sehemu ya chini ya mlango ilikuwa imechanwa vipande vipande kwa ndani.

"Dokta!" akaita, lakini sauti ilitoka ndogo. Kwa sababu kutoka pale karakanani dirisha la sebule lilikuwa linaonekana lote.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anaongea chini chini. Majivu alikuwa amelala sakafuni. Mbele ya mzee palikuwa na kiti kingine, kile cha kitambaa cha kijani ambacho Mama Misumari mwenyewe alikuwa amekijaza sponji mpya. Kitupu.

Lakini sponji ilikuwa imebonyea.

Kazi hiyo ameifanya tangu usichana. Anajua sponji mpya inavyokaa ikikaliwa na mtu mzito, na mtu mwembamba, na mtoto. Hii ilikuwa imekaliwa na mtu mwembamba. Na alipokuwa anatazama, ile alama ikasogea mbele, polepole, kama mtu anavyojivuta ukingoni mwa kiti ili asogee karibu na mwenzake. Nyuma yake sponji ikapanda taratibu.

Suruali ya mzee ilikuwa imekunjwa hadi magotini. Nyama ya muundi wake ilikuwa inabonyea na kuachia. Inabonyea... na kuachia.

Mdomoni mwa Mama Misumari hamkuwa na misumari. Angekuwa nayo, angeimeza yote.

Dokta alitokea pembeni ya nyumba, anajifuta mikono. "Dada, nimemfungia mara moja tu, ili Majivu apate nafasi ya..."

Dada yake alimkaba kola.

"Huyu mbwa ametoka wapi?" alinong'ona.

"Kituoni."

"Kabla ya kituoni!"

Dokta alitazama dirishani, akatazama chini. Na hapo Mama Misumari akajua kwamba mdogo wake anajua kitu. Ilikuwa imeandikwa usoni kabisa.

"Kulikuwa na bibi mmoja," Dokta akasema, naye sasa ananong'ona. "Aliishi na huyu mbwa tu. Watu wa kule walimwogopa, walisema ni mchawi, sijui, watu husema. Alikufa kitini, kamba mkononi. Ilibidi vidole vyake vi... ilibidi wavifungue kimoja kimoja."

"Halafu?"

"Mbwa akachukuliwa na familia moja. Wakamrudisha. Akachukuliwa na nyingine, wakamrudisha pia. Walikuwa na wazee nyumbani. Na mbwa wakubwa. Kwanza alikufa mbwa. Halafu mzee. Kote kuwili. Bahati mbaya, dada, watu wazima hufa..."

"Na kamba? Hamkufikiria hata kumvua kamba?"

"Tulijaribu. Akivuliwa, hali wala halali, analia mpaka arudishiwe. Tukasema ni mazoea."

"Ukajua haya yote, ukamleta kwa baba."

"Ningekuambia ungekataa."

"NINGEKATAA! Ndiyo! Ningekataa, mbwa wewe, mara mia ningekataa! Ndiyo maana mtu huulizwa!"

Ndani, mazungumzo yakakatika.

Kisha, katika ule ukimya, ndala zikalia sakafuni.

Kwap... sss... kwap... sss...

Mguu mmoja unakanyaga. Mmoja unaburuta.

Mama Misumari alimsukuma mdogo wake ukutani, akachukua mkasi wake mkubwa wa vitambaa uliokuwa ukining'inia mlangoni mwa karakana, akakimbilia mlango wa mbele. Aliukuta wazi. Na waliokuwa wanatoka walikuwa wameshafika sebuleni katikati.

Mbele alikuwa Majivu, kichwa chini, anatetemeka. Kutoka shingoni mwake kamba ilikuwa imenyooka kwenda nyuma. Haikuburuta. Ilikuwa imepanda juu mpaka kwenye kimo cha kiuno cha mtu, ikaishia hapo, kitanzi chake kimekazwa juu ya kitu kisichoonekana. Na nyuma ya hapo alikuwa mzee, mkono wake mmoja umenyooshwa mbele, vidole vyake vimeshikwa na vidole ambavyo havikuwepo. Nyama ya kiganja chake ilikuwa imebanwa nyeupe.

"Baba."

"Tunatoka kidogo, mwanangu," mzee akasema, anatabasamu. "Huyu mama ananisindikiza. Hauumi tena, huu mguu."

Harufu ile ilijaa mpaka macho yakachuruzika. Na baridi. Niseme aliogopa? Aliogopa. Lakini hasira ya mwanamke yule ilikuwa na umri mkubwa kuliko hofu yake, na ndiyo iliyofika kwanza mlangoni.

"Unampeleka wapi baba yangu?"

Ndala zikasimama.

"Nakuuliza wewe. Usiye na haya wala uso. Umekaribishwa na mtu asiyeona, ukaingia nyuma ya mkia wa mbwa, umekaa kwenye kiti nilichokishona kwa mikono yangu, na sasa unataka kuondoka na mwenye nyumba? Umefundwa na nani? Huko kwenu hakuna wazee wengine? Kama umechoka kutembea peke yako, kaa chini! Nani amekwambia upweke wako ni deni la baba yangu?"

Mzee aliyumba, maana alivutwa.

Alivutwa mbele kwa nguvu, na Mama Misumari akamdaka kifuani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaupeleka mkasi kwenye kamba. Ngozi ile ilikuwa kavu, ngumu kama mzizi. Alikaza mpaka mfupa wa kidole gumba ukalia.

Ikakatika.

Kipande cha shingoni kikaanguka, na Majivu akaruka pembeni kama aliyefunguliwa roho. Vidole vya mzee vikaachiwa. Lakini kile kipande kingine...

Hakikuanguka.

Kilining'inia hewani, kitanzi juu, mkia wa kamba chini, unapepea. Kisha ule mkia ukaanza kusogea. Ulikuwa unatafuta. Ukaelekea kwa Majivu, ukaacha. Ukaelekea kwa mzee, ukagusa kifundo cha mkono wake, ukaanza kujizungusha pole pole. Mama Misumari akaukata tena, mkasi ukateleza. Akakata tena. Haukushika.

Ndipo Bawabu alipoingia.

Aliingia akichechemea, damu za makucha sakafuni. Hakunguruma safari hii. Alipita kati ya miguu ya bibi yake, akafika kwa mzee, akamlamba mkono ule ule mara moja, kama anavyofanya asubuhi kumwambia tumefika. Kisha akaushika mkia wa kamba kwa meno, akauchomoa mkononi mwa mzee.

Akageuka na kuelekea mlangoni.

Kamba ikanyooka. Bawabu akavuta kidogo, akasimama, akasubiri. Penye ngazi alisimama vilevile alivyokuwa akisimama kwa ajili ya mzee. Na nyuma yake ndala zikafuata.

Kwap... sss... kwap... sss...

"Bawabu! Acha! Bawabu, rudi hapa!"

Alijua kumtii siku zote, mbwa yule. Aligeuza kichwa akamtazama, kamba mdomoni, mvi zake zimeng'aa kwa mwanga wa mtaani. Kisha akatoka getini. Dokta alikuwa amefika mlangoni; Mama Misumari alimwachia mzee, akakimbia. Hatua ngapi kutoka mlangoni hadi getini? Hata mtoto anafika akishikilia pumzi. Alipofika, barabara ilikuwa nyeupe na tupu pande zote mbili. Jirani aliyekuwa akifunga duka lake hapo mbele aliapa hakuona mbwa.

"Ila mama mmoja amepita," alisema. "Au nimesikia tu ndala. Sijui."

*

Mzee alipona. Miguu ilirudi, mafuta yalitoka kwa maji na sabuni, na yule mama hamkumbuki tena, au anasema hamkumbuki. Majivu bila kamba amekuwa mbwa mwingine kabisa. Anakula kama fisi, anaiba soksi, na sasa asubuhi anamtoa mzee chumbani, kiganja cha mzee mgongoni kwake. Penye ngazi anasimama. Nani alimfundisha, hakuna ajuaye. Dokta siku moja alijisahau, akafungua mdomo: "Unaona dada, mgeni njoo mwenyeji..." Nyundo ilipita karibu na sikio lake ikatoboa ubao. Tangu hapo analala kituoni.

Mama Misumari hajamsamehe. Hajajisamehe mwenyewe pia, maana yeye ndiye aliyembeba mwenyeji kifuani na kupitisha mgeni. Kwa hiyo hasira yake haina pa kwenda, inazunguka nyumbani humo kutwa, anagonga misumari mpaka mbao zinapasuka.

Na jioni, taa hazijawashwa na jua halipo, Majivu huinua kichwa.

Huja kwanza harufu. Kisha ndala, mbali, kwap... sss... zikipanda barabara. Zinasimama nje ya geti. Halafu geti linakwaruzwa kwa chini, upande wa kushoto, pale pale rangi ilipotoka kwa miaka ya Bawabu kuomba kufunguliwa. Na sauti moja nyembamba, ya mtoto aliyeumizwa.

"Mwanangu," mzee huita kutoka barazani, "si Bawabu huyo? Mbona humfungulii?"

Mama Misumari hukaa chini, mgongo umeegemea geti, nyundo magotini. Anausikia mkwaruzo ule kwenye uti wa mgongo wake, bati jembamba tu katikati.

"Mwachie kwanza," huwa anasema, meno yameumana. "Mwachie kamba, mshenzi wewe, atangulie aingie peke yake. Nitafungua. Mwachie!"

Mkwaruzo huja tena, taratibu zaidi. Bawabu amechoka, nyonga zake mbovu, na barabara ni ndefu.

Jana majirani walimsikia akitukana mpaka sauti ikakauka. Na alipotazama mkono wake, ulikuwa kwenye komeo, nalo lilikuwa limeshavutwa nusu.